Nani Alitoa Mbao za Mtaro

3 Mei

Mwalimu wetu wa sayansi anasema mtu anayetaka kupima kitu kwa uaminifu na aandike kila mara, hata siku ambayo hakuna la kuandika. Basi naanza. Mimi ni Jerneja Podlogar, nina miaka kumi na minne, na tunakaa Barje, kusini mwa Ljubljana, ambako udongo ni mweusi na laini na nyumba zimesimama juu ya nguzo za mwaloni zilizokitwa ardhini. Nyumba hazishuki. Ardhi ndiyo inayoshuka. Babu Lojze Mrhar, jirani yetu, alipozaliwa nyumba yao ilikuwa na ngazi moja mlangoni. Leo zipo nne, na chini ya ile ya nne kuna pengo la kupitisha kiatu.

Leo Dokta Breda amekuja kutoka chuo kikuu na maboksi yake. Alitueleza kwamba udongo wetu ni mimea iliyolala ndani ya maji maelfu ya miaka bila kuoza. Wazee walichimba mitaro ili walime, maji yakaondoka, hewa ikaingia, na sasa mimea ile inaoza na kupanda juu ikiwa hewa ukaa, ile inayozidisha joto duniani. "Mnasema ardhi yenu inazama," alisema. "Mimi nawaambia sehemu yake kubwa inapaa."

Alichagua wapimaji wawili hadi mwisho wa Septemba. Mimi nitapima shamba letu la mahindi, ambalo maji yake yako chini karibu mita moja. Tajda Mrhar, mjukuu wa Babu Lojze, atapima uwanda wao wa majani, ambako baba yake amekubali kutia mbao mbili mtaroni ili maji yabaki karibu na juu.

Mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza. Niliutaka ule uwanda.

6 Mei

Mvua. Pete za plastiki zimechomekwa udongoni, tatu kwetu na tatu kwao. Unaweka boksi juu ya pete, unasubiri dakika tano, na mashine inakuandikia namba ya kasi ambayo hewa ukaa inaongezeka ndani yake. Halafu unapima kina cha maji kwenye bomba lililochomekwa ardhini kando ya pete. Jumanne na Ijumaa baada ya shule, saa kumi kamili.

20 Mei

Kwetu 38. Kwao 12.

Dokta Breda anasema uwanda ukilowa kupita kiasi hutoa hewa nyingine, methani, kwa hiyo maji yakae shubiri moja chini ya majani, yasifike juu. Tajda anayaweka hapo hapo, kama mtu anayejaza kikombe. "Safi sana, Tajda," Dokta alisema. Mimi aliniambia, "Asante, Jerneja."

Naandika maneno yote mawili kama yalivyosemwa ili nisiyaongeze chumvi.

31 Mei

Jumamosi. Nilikwenda kumsomea Babu Lojze gazeti, kama ninavyofanya tangu nikiwa na miaka tisa, kwa sababu macho yake hayaoni herufi ndogo. Anapenda habari za vifo kwanza, halafu hali ya hewa. "Haya, macho yangu," huniambia, "nani katutangulia?" Jina hilo, macho yangu, ni langu. Tajda alikuwa bado mjini na wazazi wake alipoanza kuniita hivyo. Wamehamia hapa majira mawili ya baridi yaliyopita.

Leo Tajda alikuwa mezani anakula ugali wa ngano nyeusi na maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Unasoma vizuri." Sikumwomba maoni.

13 Juni

Kwetu 51. Kwao 11.

Darasani wameanza kuniita Dohani. Matevž alisema, "Dohani, usikae karibu na dirisha, utatuzibia hewa!" Mwingine akasema, "Mwacheni, akikohoa kidogo barafu ya milimani inayeyuka." Watu wakacheka. Tajda naye alicheka, halafu akaniangalia na kuacha. Afadhali angeendelea kucheka.

Nilipomweleza baba jioni, alisema, "Waambie shamba hilo la dohani ndilo linalolisha ng'ombe wa maziwa wanayokunywa." Ni kweli. Lakini na 51 ni kweli pia.

25 Juni

Shule zimefungwa. Hakuna mvua.

4 Julai

Kwetu 63. Kwao 11. Udongo wa shamba letu ni mkavu juu. Ukipita na baiskeli unatimka kama majivu. Maji kwenye bomba langu nimeyakuta sentimita mia na nne. Kwao ishirini na moja.

Nimejaribu kupima tena, nikidhani nimekosea. 64.

12 Julai

Mwandishi wa gazeti alikuja. Nilivaa blauzi ya kanisani. Alizunguka mahindi yetu mara moja, akasema, "Hapa hapana cha kupiga picha," akaenda kwa akina Mrhar. Nilimfuata kwa sababu hakunikataza.

Alimsimamisha Tajda katikati ya majani marefu ameshika boksi, na Babu Lojze pembeni yake na kofia yake. Ndege wale wanaokwaruza kama kitana walikuwa wanaita majanini. Kwetu hawaiti tena.

"Babu, huyu nani?" mwandishi aliuliza.

Babu Lojze akamwekea Tajda mkono begani. "Huyu? Huyu ndiye macho yangu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli nikaikokota.

13 Julai

Nimefanya jambo.

Mchana baada ya chakula, watu walipokuwa wamelala kwa sababu ya joto, nilikwenda mwisho wa uwanda wa akina Mrhar, hatua mia nne kutoka kwenye pete, ambako mtaro umejificha nyuma ya matete. Nikazitoa zile mbao mbili. Ni nzito zikiwa zimelowa. Maji yalisimama kidogo, kama yanayosubiri ruhusa, kisha yakaondoka.

Nikaziegemeza kwenye mti wa mwerebi, upande wenye utelezi ukitazama kivulini, kichwa chini, na kijiwe katikati ili zipitishe hewa zisijikunje. Hivyo ndivyo Babu Lojze alivyonifundisha. Mikono yangu ilifanya yenyewe.

Nilitaka namba zake zifanane na zangu. Hilo tu. Naliandika ili baadaye nisije nikajiambia kwamba nilitaka kitu kingine.

14 Julai

Hakuna mvua.

18 Julai

Kwetu 66. Kwao 19. Maji yao yako sentimita thelathini na nane.

Tajda alinipigia simu. "Neja, bomba lako limewahi kuharibika?"

"Hapana."

"Langu naona limeharibika."

22 Julai

Kwao 34. Dokta Breda alimwambia Tajda apime upya pete zote tatu huku yeye akitazama. 33, 36, 34. Kisha akapekua kurasa za nyuma, za zile 11 na 12, akauliza kwa upole, "Hizi ulizipima zote mwenyewe? Hukukadiria hata moja?"

Tajda akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikukadiria, Dokta."

Nilikuwa nimesimama hapo na daftari langu, na furaha ilinijia. Ilikaa muda wa kufunga daftari.

24 Julai

Wamezipata mbao. Baba yake Tajda ndiye aliyekwenda, na sisi wawili nyuma yake. Alizikuta chini ya mwerebi, akazitazama jinsi zilivyoegemezwa, kichwa chini, kijiwe katikati, na hakuuliza mtu. Alisema tu, "Aa, mzee wangu."

Hapa Barje kila mtu anajua kwamba siku ya Mtakatifu Marjeta, tarehe 13 Julai, mbao hutolewa mitaroni ili uwanda ukauke na gari la majani makavu lipite. Babu Lojze amezitoa siku hiyo kwa miaka zaidi ya sabini. Sijui kama mimi niliikumbuka tarehe hiyo. Nimejiuliza mara nyingi na bado sijui.

Walimkuta jikoni anamenya maharage.

"Baba, ulikwenda mtaroni siku ya Marjeta?"

"Kwani nilikwenda?"

"Mbao zimetolewa. Zimewekwa kama unavyoziweka wewe."

Babu Lojze aliweka kisu chini na kuangalia mikono yake, mmoja kisha mwingine. Halafu akasema, "Basi ni mimi. Nani mwingine anajua kuziweka? Nimewaharibia kazi, watoto. Nisameheni."

Alinitazama na mimi nilipokuwa nimesimama mlangoni. "Nisamehe na wewe, binti Podlogar."

25 Julai

Mbao zilirudishwa jana jioni. Sikwenda.

1 Agosti

Jana mvua kubwa. Kwao 20 na inashuka. Dokta Breda amemwomba Tajda radhi mbele yangu. Tajda alisema haidhuru.

3 Agosti

Mama yake Tajda amemficha babu viatu vya shambani. Niliona mwenyewe: viko juu ya kabati la akiba, nyuma ya mitungi ya kabichi chachu. Babu anatoka na kandambili mpaka ngazi ya nne, anageuka.

Jana nilipomsomea gazeti alinisimamisha katikati. "Huyo tumeshamsoma?"

"Hapana, babu."

"Una hakika? Mimi siku hizi siaminiki."

Zamani alikuwa akinibishia kila kitu. Sasa ameniamini hata nilipokosea jina la marehemu.

8 Agosti

Kwetu 58. Kwao 12. Sijali namba leo.

Tajda ameniambia, tukiosha maboksi, kwamba wazazi wake wamezungumza na nyumba ya wazee. Tarehe 20 watampeleka akaone chumba. "Mama anasema leo ni mbao, kesho atasahau jiko linawaka." Alikuwa anasugua boksi lile lile kwa muda mrefu. "Na yeye hakatai, Neja. Hilo ndilo linaloniogopesha. Babu hakatai."

Nilimwambia nina haraka ya kwenda kuchuma maharage.

11 Agosti

Nimeandika barua na kuichana.

13 Agosti

Nimeandika nyingine. Ilikuwa na maneno "bahati mbaya" ndani yake. Nimeichana.

15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Baada ya misa akina Mrhar walitualika, kama kila mwaka. Meza ilikuwa nje chini ya mpea: supu, kuku, na keki ya kukunja yenye njugu za jozi ndani ambayo mama aliileta. Babu Lojze alikaa mwisho wa meza. Alipotaka kujimiminia divai, mama yake Tajda alimchukulia chupa mkononi. "Niache mimi, baba, utamwaga." Akaiachia bila neno.

Baba yangu, kwa kutaka kuchangamsha, akasema, "Mzee Lojze, si umwage tu! Wewe siku hizi ni bingwa wa kumwaga maji."

Watu wakacheka. Babu naye alicheka, kwa mdomo tu.

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu. Nikasema, "Si yeye. Mbao nilizitoa mimi."

"Kaa, Jerneja," mama alisema. "Jua limekupiga."

"Nilizitoa siku ya Marjeta saa saba mchana. Niliziweka kama babu alivyonifundisha nikiwa na miaka kumi. Kijiwe nilikitoa kwenye ukingo wa daraja la mtaroni. Nendeni mkaangalie, pengo lipo."

Hakuna aliyecheka tena. Baba yake Tajda aliuliza, "Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikasema ukweli, ambao ulisikika mdogo sana pale mezani: "Namba za Tajda zilikuwa nzuri kuliko zangu. Na babu alimwita macho yangu."

Babu Lojze aliinuka polepole, ameshika meza. Nilidhani atafurahi.

"Wiki tatu," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kubishana. "Wiki tatu nzima nalala najaribu kukumbuka ninavyotembea kwenda kule. Najiona natembea! Nimekumbuka mpaka ubaridi wa mbao mkononi. Kumbe kumbukumbu hiyo nimeitengeneza mwenyewe, kwa sababu wewe ulikuwa umenyamaza. Ulikaa hapa ukanisomea vifo, ukanyamaza!"

"Ndiyo, babu."

"Nenda nyumbani."

Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia akimwambia mkwewe, "Na viatu vyangu nipe. Najua viko nyuma ya kabichi. Mimi si mjinga."

16 Agosti

Baba hajanipiga wala kunigombeza. Amesema, "Mimi nimekulea useme ukweli, lakini si kwa kuchelewa." Nimeyaandika hapa kwa sababu ni haki yake.

Mchana Tajda alikuja mpaka kwenye mahindi. Hakukaa.

"Uwanda ule ningekupa, ungeniomba."

"Nisingekuomba."

"Najua." Akaling'oa jani la muhindi na kulipasua vipande virefu. "Halafu siku ile ya picha, unajua kwa nini aliniita hivyo? Alinichanganya na wewe. Mwandishi alipoondoka aliniuliza mbona leo sina baiskeli."

Akaondoka. Nilikaa pale chini kwenye udongo mweusi mpaka ng'ombe walipoanza kulia.

19 Agosti

Nimekwenda kwa Dokta Breda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua daftari la uwanda na kunipa kalamu. Pembeni ya zile siku kumi na moja niliandika: *Mbao zilitolewa na Jerneja Podlogar tarehe 13, zikarudishwa tarehe 24.* Nikatia sahihi.

Niliuliza kama atazifuta namba hizo.

"Kwa nini? Namba hazikusema uongo hata siku moja," alisema. "Maelezo ndiyo yaliyokuwa ya uongo."

Nilimpa boksi lake. Akanirudishia. "Nakungoja Ijumaa. Saa kumi kamili."

20 Agosti

Hawakumpeleka.

2 Septemba

Shule. Hakuna anayeniita Dohani. Hakuna anayeniita chochote.

13 Septemba

Jumamosi ya tano bila gazeti. Nikipita na baiskeli, Babu Lojze yuko kwenye ngazi amevaa viatu vyake. Haniiti.

20 Septemba

Ameniita. Nilisimamisha baiskeli. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nani alitoa mbao?"

"Mimi, babu."

"Haya. Pita zako."

27 Septemba

Jana usiku ulikuwa mkutano kwenye jumba la zimamoto. Wakulima wote wa kando ya Mtaro Mkubwa, unaopokea maji ya mitaro yetu yote, walikuja, kwa sababu inapendekezwa kutia mbao kwenye mitaro midogo majira ya baridi, na kwa wanaotaka, mwaka mzima. Baba alikaa nyuma na mikono amekunja. Alikuwa ameniambia mapema, "Mimi mahindi sitayazamisha kwa ajili ya mashine."

Tajda ndiye aliyeonyesha ukutani mistari ya namba zetu. Mstari wetu ulikuwa juu kabisa, na wa kwao chini, umenyooka kama uzi, isipokuwa mahali pamoja ulipoinuka mwezi wa Julai.

Mkuu wa zimamoto, ambaye kila mtu anamwogopa, aliuliza, "Na hicho kibyongo?"

Tajda aligeuka. Alinitazama. Angeweza kusema, na hakuna ambaye angemlaumu.

Nilisimama. Mara ya pili ni rahisi kidogo, lakini si sana. "Hapo nilitoa mbao mimi, kwa wivu. Maji yalishuka, na uwanda ukaanza kuoza kama shamba letu. Zilirudishwa, ukatulia."

Kulikuwa na minong'ono, na mtu mmoja akasema, "Angalau huyu anajua kazi ya mitaro," wakacheka. Halafu nikasikia sauti ya baba kutoka nyuma. Hakuwa anamwambia mtu yeyote.

"Kwetu basi hicho kibyongo ni mwaka mzima."

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Aliwasha taa ya mlangoni na kupima kwa kiatu chake pengo lililo chini ya ngazi yetu ya mwisho. Kiatu kilipita chote.

5 Oktoba

Mahindi yameondolewa. Baba amekata mbao mbili za mwaloni. "Ni kwa majira ya baridi tu," alimwambia mama, ambaye hakuwa amemuuliza. "Mwezi wa nne tutaona."

Nimeziona zimeegemezwa ghalani, zimelala vibaya. Nilizigeuza kichwa chini.

11 Oktoba

Ukungu. Babu Lojze ameuliza tena, "Nani alitoa mbao?" Hii ni mara ya tano. Tajda alikuwa ameketi kando yake, akacheka. "Babu, mwache mtoto wa watu!" Akanipa nafasi kwenye ngazi ya tatu. Hatukuongea sana. Alikuwa na njugu za msituni mfukoni, akanimiminia nusu.

18 Oktoba

Mto umejaa, na maji yameingia mashambani kama kila vuli. Kutoka dirishani uwanda wa akina Mrhar na shamba letu ni maji yale yale, na huwezi kujua mpaka uko wapi.

Mama yake Tajda alinipigia simu. "Mzee anauliza kama leo si Jumamosi."

Nilikwenda. Gazeti lilikuwa mezani, miwani juu yake. Nilikaa, nikalifungua kwenye habari za vifo. Babu Lojze alisogeza kiti na kunitazama kwa muda, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Kuna siku mtu alitoa mbao zangu mtaroni," alisema. "Nani yule?"

Niliangalia uso wake nikitafuta mzaha. Kwenye ngazi mzaha huwa unaonekana, kwenye pembe za macho. Leo sikuuona. Lakini taa ilikuwa nyuma yake, na sina hakika. Tajda, aliyekuwa anaosha vyombo, alifunga maji.

Ningeweza kusema, sikumbuki, babu. Angeniamini.

"Ni mimi," nikasema. "Jerneja. Niliona wivu, nikazitoa siku ya Marjeta, nikanyamaza wiki zaidi ya tatu." Nilimweleza yote tangu mwanzo, polepole, kama mara ya kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Uliziegemezaje?"

"Kichwa chini. Kijiwe katikati."

"Vizuri," alisema, na akanisogezea gazeti. "Haya, macho yangu. Nani katutangulia?"